2D au 3D: animesheni ipi kwa kazi ya tiba, ipi kwa kazi ya sanaa

Wateja wawili walinijia ndani ya wiki moja hapa Dar es Salaam. Wa kwanza alikuwa mratibu wa mradi wa afya, akitaka video ya dakika moja inayoeleza namna ya kumeza dawa mseto ya malaria. Wa pili alikuwa kijana wa bongo fleva, akitaka video ya maneno ya wimbo wake. Hawajuani, lakini kila mmoja alianza na ombi lilelile: "Nataka 3D." Ukiwauliza watu sababu, wengi husema 3D inaonekana ya gharama. Ni kweli inaonekana hivyo. Lakini muonekano wa gharama haukwambii kama mgonjwa atameza kidonge kwa wakati, wala kama wimbo utakumbukwa.

Nafanya kazi za aina zote mbili, na kwa muda mrefu nilidhani zinatofautiana mada tu. Nimejifunza kwamba kwenye tiba picha lazima iwe sahihi, na kwenye sanaa picha lazima iwe ya mwenyewe, isifanane na ya jirani. Kwa hiyo marekebisho nayo huja kwa njia mbili tofauti. Daktari anarekebisha kwa sababu kitu kimekosewa. Msanii anarekebisha kwa sababu haijamgusa. Na anayelipia animesheni, awe analipa kwa fedha au kwa usiku wa kukesha, hulipia marekebisho kuliko anavyolipia picha ya kwanza. Ndiyo maana kabla ya kujibu 2D au 3D, mimi huuliza: nani atasahihisha kazi hii, na atasahihisha nini?

Tukubaliane maneno

Nikisema 2D nina maana ya michoro mjongeo, ile ambayo wengi mtaani wanaiita mosheni grafiki: maumbo bapa, maandishi na wahusika wa kuchora, wakisogezwa ndani ya programu kama After Effects. Nikisema 3D nina maana ya modeli yenye kina, iliyovishwa ngozi, ikawekewa taa na kamera, kisha kompyuta ikapiga hesabu ya mwanga na kutoa picha moja baada ya nyingine. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo kurenda, na ndiyo inayokula muda.

Piga hesabu mwenyewe. Televisheni zetu huenda kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ni fremu 1,500. Tuseme mashine yako inahitaji dakika 4 kurenda fremu moja ya 3D yenye mwanga wa kufanana na halisi. Hizo ni dakika 6,000, yaani saa 100. Siku nne na saa nne, mashine ikiwaka bila kupumzika, na umeme usikatike. Dakika hiyohiyo ya 2D rahisi hutoka kabla hujamaliza kula chakula cha mchana.

Kwa upande wa umeme nina ushauri mmoja ambao ningependa ningeupata mapema: usirende 3D moja kwa moja kuwa faili la video. Renda picha mojamoja kwenye folda, kisha uziunge. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 812, unaendelea kutoka 812. Ukiwa ulirenda video nzima kwa mkupuo, uwezekano mkubwa faili litaharibika na utaanza upya.

Dozi sita ndani ya siku tatu

Turudi kwa mratibu wa malaria. Dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa 2006 kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, humezwa mara sita katika siku tatu. Mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi anameza vidonge 4 kila mara, jumla 24. Dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa, kwa sababu mafuta husaidia mwili kuifyonza.

Tazama kilichomo humo: idadi, mpangilio na muda. Hakuna umbo hata moja linalohitaji kina. Kidonge cha 3D kinachong'aa na kuzunguka hakimwambii chochote mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati akiangalia televisheni iliyopunguzwa sauti. Safu tatu za siku, vyumba sita, vidonge vinnevinne vikijaa kimoja baada ya kingine: hapo macho yanahesabu yenyewe hata kama masikio hayasikii. Nilimshauri achukue 2D, akakubali.

Kisha tukakutana na saa. Sisi tunaihesabu siku kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mshale ukiwa kwenye 8 asubuhi tunasema saa mbili. Toleo la kwanza niliandika "8:00" kwenye skrini huku msimulizi akisema "saa mbili". Watu tuliowaonyesha walichanganyikiwa. Wengine walidhani saa mbili na saa nane ni dozi mbili. Nikabadili nikaandika "2:00", vijana wanaosoma saa kwenye simu nao wakapotea. Mwisho niliondoa tarakimu zote, nikabakiza jua linalochomoza, jua linalozama, mwezi, na saa ya ukutani yenye mishale tu, msimulizi akitaja: ukianza saa nne asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi na mbili jioni, ya tatu ni saa nne asubuhi ya kesho yake. Hakuna maktaba ya michoro ya kununua mtandaoni ambayo ingenionya kuhusu hilo.

Mabadiliko yale yote mawili yalinichukua alasiri moja. Yangekuwa ya 3D, kila badiliko lingeturudisha kwenye foleni ya kurenda, na nina hakika tungefika mahali tukasema "basi, iache hivyo". Video za afya huharibikia hapohapo, pale kosa linapojulikana lakini kulirekebisha kumekuwa ghali. Na kazi ya tiba hupita mikono mingi: mfamasia, mratibu, mfadhili, halafu, kama ni tangazo la dawa kwa umma na si elimu tu, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania. Neno moja linaweza kubadilishwa siku ya mwisho kabisa.

Mahali 3D haina mbadala

Sasa chukua moyo. Ugonjwa wa valvu unaoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni bado unawapata watoto na vijana wengi Afrika Mashariki. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ina vipande viwili, lakini haikulala bapa. Pete yake imejikunja kama tandiko la punda, na vipande vyake vinashikiliwa na nyuzi zinazotoka kwenye misuli ya chumba cha chini. Ugonjwa ukiikamata, kingo hushikana na tundu hubaki jembamba. Madaktari wenyewe hulifananisha na mdomo wa samaki.

Nimewahi kujaribu kulieleza hili kwa 2D. Unaukata moyo katikati, unachora milango miwili inayofunguka na kufunga. Mtazamaji anaelewa kuna mlango, lakini haelewi kwa nini mlango umeshindwa, kwa sababu kushindwa kwenyewe kuko kwenye umbo. Kwenye 3D unaingiza kamera ndani ya chumba cha juu, unaangalia chini, unaona mdomo wa samaki ukijaribu kufunguka. Mzazi anayeombwa aridhie upasuaji wa mwanawe anahitaji kuona hicho. Sekunde kumi za namna hiyo zinafanya kazi ambayo dakika tatu za maneno hazifanyi.

Ni vivyo hivyo kwa mafunzo ya wakunga. Kichwa cha mtoto huingia kwenye nyonga kikiwa kimeelekea ubavuni, kisha hujizungusha mpaka uso uelekee mgongo wa mama. Huo ni mzunguko ndani ya mfupa, na mchoro bapa hauwezi kukuonyesha mzunguko na mfupa kwa pamoja bila kukudanganya kidogo.

Kwa hiyo kipimo changu upande wa tiba ni hiki: kama ujumbe ni *kipi kwanza, kiasi gani, lini*, chagua 2D. Kama ujumbe ni *kiko wapi, kina umbo gani, kinajigeuzaje*, tenga bajeti ya 3D. Na kama ujumbe ni *usiogope, wengine wamepita hapa*, weka kompyuta pembeni, chukua kamera, mrekodi mtu aliyepona akizungumza. Sijaona mhusika wa kuchora akimtuliza mgonjwa kama anavyofanya mtu mwenye sura na sauti.

Ukishaamua 3D, usianze kuuchonga moyo kutoka hewani. BodyParts3D ya Japani ni mkusanyiko wa modeli za viungo vya mwili uliotolewa kwa leseni huria, na Z-Anatomy imejengwa juu yake, ikifunguka ndani ya Blender, programu ya bure ya 3D. Leseni ya Z-Anatomy inakutaka utaje chanzo, na ukiibadilisha modeli uitoe kwa masharti yaleyale. Mwambie mteja mapema, kabla wakili wake hajauliza. Kwa molekuli iko Protein Data Bank, iliyoanzishwa 1971, yenye maumbo yaliyopimwa maabara. Picha za CT, yaani skani za ndani ya mwili, za mgonjwa halisi zinaweza kugeuzwa modeli kwa 3D Slicer, programu ya bure. Ila faili la CT hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa ndani yake. Hakikisha hospitali inayafuta kabla hujapokea. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya ziko kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kwa sababu hiyohiyo usipeleke modeli ya mgonjwa kwenye mitandao ya kurenda ya kujitolea kama SheepIt, ambako faili lako linatembelea kompyuta za watu usiowajua.

Makosa yanayopendeza macho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wachoraji wengi wazuri wanapoanguka wanapotoka kwenye muziki na matangazo kuingia kwenye tiba.

Mbu. Ukitafuta mchoro wa mbu wa kununua, mara nyingi utapewa mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, kwa sababu anapendeza. Huyo ni Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Anayeeneza malaria ni Anopheles jike, hana madoido hayo ya kung'aa, na akitua huinua sehemu ya nyuma juu kana kwamba amesimama kichwa chini. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi, 2014 na tena 2019, na mbu hawa wawili hawaumi kwa saa zilezile: Aedes huuma mchana, Anopheles usiku. Video ya malaria yenye mbu wa dengi inamfundisha mtu kumwogopa mbu asiye wake.

Kushoto na kulia. Mchoraji wa matangazo akiona mhusika anaangalia nje ya skrini, anamgeuza kwa kitufe kimoja ili aangalie maandishi. Nilifanya hivyo kwenye video ya homa ya ini. Kwenye kikao cha uhakiki muuguzi mmoja mtu mzima aliniita pembeni, nikamwamkia, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, huyu mama ini lake limehamia kushoto." Nilikuwa nimegeuza mwili mzima, ini likahama, moyo nao ukahama. Kwenye 2D kosa hili ni rahisi mno kulifanya, na namshukuru Mungu ni rahisi pia kulirekebisha. Kwenye 3D ni gumu kulifanya, kwani unazungusha kamera badala ya kugeuza mwili. Hiyo ni alama moja kubwa kwa 3D.

Damu ya bluu. Vitabu huchora damu isiyo na oksijeni kwa bluu ili itofautishwe na nyingine. Kwenye mchoro bapa watu wazima wengi huelewa kwamba ni rangi ya kufundishia. Ukiichukua bluu hiyo ukaiweka kwenye 3D yenye kung'aa na unyevunyevu, unawashawishi kwamba ndani yao kuna damu ya bluu. Siku hizi nikifanya 3D natumia nyekundu iliyokoza na nyekundu angavu, basi.

Hili la ushawishi ndilo zito. Macho huipokea 3D kama picha iliyopigwa na kamera, na mtazamaji hadhani kuna mtu aliyekaa akachagua. Kumbuka ile picha ya kirusi cha korona, mpira wa kijivu wenye miiba myekundu, iliyozunguka dunia nzima mwaka 2020. Ilitengenezwa na Alissa Eckert na Dan Higgins wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani. Miiba imewekwa kwa kufuata data za protini, lakini wekundu ni uamuzi wao: kirusi ni kidogo kuliko mawimbi ya mwanga tunaouona, hakina rangi ya kuonekana. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwani ulitufanya tukichukulie kwa uzito. Lakini ulikuwa uamuzi.

Hata walio bora hukutana na jambo hili. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Harvard na studio ya XVIVO walitoa animesheni ya ndani ya seli iliyobadilisha fani nzima. Ndani yake protini moja inatembea juu ya uzi ikivuta mzigo mkubwa, hatua kwa hatua, kwa utulivu wa mpagazi aliyezoea njia. Protini hiyo, kinesini, kweli huenda kwa hatua, kila moja nanomita 8. Lakini seli halisi imejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, kila kitu kinatetemeka na kugongana. Utupu na utulivu vilikuwa kwa faida ya macho yetu, na waliotengeneza walijua hivyo. Kazi zao za baadaye zilionyesha msongamano huo.

Na ngozi. Modeli na michoro mingi ya bure ina ngozi nyeupe, na dalili zake zimechorwa kwa ngozi hiyo: upele mwekundu, mashavu yaliyopauka. Kwa mtoto wa Tandahimba au Kisumu upungufu wa damu huangaliwa kwenye kiganja na ndani ya kope, manjano huangaliwa kwenye weupe wa jicho. Ukibadilisha rangi ya ngozi pekee na kuacha dalili zilivyo, umetengeneza picha isiyomsaidia mzazi yeyote huku.

Bega kwa bega: unapobadilisha

Baada ya mifano hiyo, hili ndilo jedwali ninalomwonyesha mteja kabla ya kusaini.

| Mteja anasema... | 2D | 3D |
|---|---|---|
| "Badilisha neno hili" | Dakika chache | Dakika chache, kama maandishi yamewekwa baadaye juu ya picha; vinginevyo unarenda upya |
| "Tuone kutoka upande wa pili" | Kuchora upya | Kusogeza kamera, kisha kurenda |
| "Rangi ya kampuni imebadilika" | Dakika chache | Kurenda upya sehemu husika |
| "Tunataka na Kiingereza, na Kinyarwanda" | Rahisi, ila acha nafasi ya maandishi | Rahisi, kama hakuna midomo inayozungumza |
| "Iingie kwenye programu ya simu" | Inaweza kuwa faili la Lottie (michoro mjongeo inayochezwa ndani ya programu bila kuwa video), dogo sana | Mara nyingi itabidi iwe video, faili kubwa |
| "Mwakani tutatengeneza nyingine ya kiungo hikihiki" | Unachora tena sehemu kubwa | Modeli ipo, unaanzia katikati |

Mstari wa mwisho wa jedwali watu huupuuza. Hospitali au chuo kinachopanga mfululizo wa video kumi kuhusu moyo kinaweza kulipa sana kwa modeli ya kwanza na kidogo kwa tisa zinazofuata. Anayetaka video moja tu asiuziwe hoja hiyo.

Kuhusu lugha: skripti iliyoandikwa Kiingereza ikija kwa Kiswahili hurefuka, na maneno yetu yenyewe ni marefu. "Wanaonyonyesha" peke yake inaweza kumaliza mstari mzima kwenye simu. Andika kwa Kiswahili kwanza, pima nafasi kwa Kiswahili, lugha nyingine zitaingia bila shida. Shirika la Ubongo, walio hapahapa Dar es Salaam, wamekuwa wakirusha katuni za kuwafundisha watoto tangu 2014, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Afrika, na katuni zao ni 2D. Ukiwa na hadhira ya lugha nyingi, wepesi huo una thamani kubwa.

Kuhusu Lottie, jina lake limetokana na Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata maumbo ya karatasi kwa mkasi na kuyafanya yatembee, miaka ya 1920. Nalipenda hilo. Kivuli cha karatasi kimefika kwenye simu za wahudumu wa afya ya jamii.

Upande wa sanaa maswali yanageuka

Msanii hana mfamasia wa kumsahihisha, kwa hiyo hoja yangu ya "nani atasahihisha" inabaki, ila jibu ni yeye mwenyewe na hisia zake. Hisia hazisahihishiki kwa kusoma skripti. Mteja wa tiba nampelekea maneno kwanza. Hatuchori chochote hadi maneno yametiwa saini. Msanii nampelekea fremu tatu zilizokamilika kabisa, kila moja kwa mtindo wake, kabla ya kusogeza kitu chochote. Akiniambia "hii ndiyo mimi", tunaendelea. Nikigeuza utaratibu huu, nikampa msanii skripti na daktari fremu za kupendeza, kazi zote mbili huharibika.

Kisha naangalia kitu chenyewe kimezaliwa bapa au kimezaliwa na kina. Kanga imezaliwa bapa. Ina pindo, ina mji, ina jina, na uzuri wake uko kwenye mpangilio wa vitu hivyo vitatu. Ukiifanyia duka la kanga tangazo la 2D, pindo linaweza kujichora kuzunguka skrini, mji ukachanua katikati, jina likaandikika mwisho kama linavyosomwa. Ukiifanyia 3D, utatumia siku nzima kuhesabu mikunjo ya kitambaa, na mwisho wake jina halisomeki. Picha za tingatinga nazo ni bapa kwa kukusudia: rangi ya mafuta ya kung'aa, vidoa, chui anayejaza ubao wote, hakuna umbali. Ukimtoa chui huyo akawa 3D, anakuwa chui kama wa kila mahali.

Mlango wa Unguja au Lamu ni kinyume. Nakshi zake zimechongwa. Zinaishi kwa kivuli. Weka taa moja ya 3D ipite polepole juu ya mbao na chuma, mlango unazungumza. Mchoro bapa hapo unakuwa nembo tu.

Kwa muziki, kabla ya mtindo, piga hesabu ya mdundo. Wimbo wa midundo 100 kwa dakika ukiwekwa kwenye fremu 25 kwa sekunde unakupa fremu 15 kwa kila mdundo, namba kamili, unaweza kukata na kusogeza bila kukosea. Wimbo wa midundo 120 kwenye fremu 25 unakupa 12.5, na nusu fremu haipo. Kila mdundo wa pili utateleza kidogo, na sikio litahisi kabla jicho halijajua. Weka mradi huo kwenye fremu 24, unapata 12 kamili. Hili halina uhusiano na 2D wala 3D, lakini nimeona video za 3D za gharama zikichosha kwa sababu yake, na za 2D za kawaida zikichezeka kwa sababu lilizingatiwa.

Yule kijana wa bongo fleva alikuwa na wimbo kuhusu nyumba ya bibi yake. Tulichora maneno kwa mkono, fremu 12 kwa sekunde, kwa mtetemo ule wa mwandiko ulio hai. Uchoraji wa fremu kwa fremu unachosha kuliko njia zote, na kwa kazi ya tiba siushauri hata kidogo, kwani daktari akibadilisha neno unachora upya kila kitu. Kwa wimbo ambao maneno yake yameshafungwa studio, hakuna tena atakayebadilisha neno, na hapo kuchoka kwako kunalipa. Kitu kimoja tu tulikitengeneza kwa 3D: mlango wa nyumba ile, ukifunguka kwenye kiitikio.

Programu

Sitakaa sana hapa. After Effects, iliyotoka 1993, bado ndiyo lugha ya pamoja ya 2D; mteja wa wakala wa matangazo atakuomba faili lake. Inalipiwa kila mwezi kwa dola, na ukiacha kulipa unafungiwa nje ya kazi zako. Blender ni ya bure, unaweza kuuza kila unachotengeneza nayo, na ina kalamu ya kuchorea 2D ndani ya nafasi ya 3D. Ubora wake si wa kuuliza tena: filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya animesheni ndefu mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender, na kurendwa kwa Eevee, injini yake ya haraka. Cinema 4D ni rahisi kujifunza kuliko Blender kwa anayetoka kwenye grafiki, lakini nayo ni ya kulipia. Anayeanza leo akiwa na kompyuta moja na kazi za pande zote mbili, namwambia ajifunze Blender, aongeze After Effects siku mteja atakapoilipia.

Kama bajeti iko katikati

Wengi wako hapo, hawana fedha za dakika nzima ya 3D lakini wana kiungo ambacho 2D haitoshi. Fanya video nzima kwa 2D, na ndani yake weka dirisha moja la 3D la sekunde kumi, mahali umbo lenyewe ndilo ujumbe. Maandishi yote, majina ya viungo na mishale viwekwe juu yake kwa 2D, visirendwe pamoja na modeli. Sekunde kumi ni fremu 250. Kwa dakika 4 kila fremu ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Unawasha mashine saa kumi jioni, asubuhi kabla ya saa tatu picha ziko kwenye folda. Mpelekee daktari mchana. Akisema valvu inafunguka kuelekea upande usio wake, unarekebisha alasiri hiyohiyo, unawasha tena saa kumi.